Mama Orpa Kasika, Aliyeacha Kuuliza "Ulikuwa Wapi?"

Butembo, Jumamosi tarehe 25 Novemba 2023. Ukungu mzito tangu alfajiri, manyunyu hadi saa moja na nusu, baridi ya kuvaa majaketi mawili.

Jana, Ijumaa tarehe 24, Mama Orpa Kasika, muuguzi wa watoto katika Kituo cha Afya Kilimani, alitimiza miaka thelathini na tano, miezi kumi na siku ishirini ya kazi. Aliingia Jumatatu tarehe 4 Januari 1988, akiwa na miaka ishirini na nne na koti la kazi lililokuwa refu kuliko yeye. Ametoka akiwa na miaka sitini, na koti sasa linamtosha.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi wa mapokezi niandike maisha yake kwa ajili ya karatasi hii. Yeye alikubali kwa sharti moja, alilolitoa akiwa amesimama mlangoni na mwavuli wake: "Andika yote, Hadjara. Ukiruka mwaka wa 1998, mie sitakuya ku fête yenu." Kwa hiyo mwaka huo umo humu, na wageni watuvumilie.

Mama Orpa alizaliwa karibu na Lubero, mtoto wa tano wa wakulima wa viazi na maharage. Alisoma kwa masista, akasomea uuguzi, akapangwa kwetu. Miaka mitatu ya kwanza alichanja watoto. Mwaka 1991 alihamishiwa chumba cha vidonda, na hapo ndipo alipokutana na kazi aliyojulikana nayo mji mzima: watoto walioanguka. Si wakubwa wanaopanda miti ya parachichi wakijua wanachofanya, bali wale wadogo, tangu wanaotambaa hadi wanaokaribia kuanza shule. Ameandika vitabu kumi na moja juu yao. Vyote viko kabatini, vimefunikwa kwa karatasi ya kaki, na kila mstari una tarehe.

Alikuwa mkali. Wauguzi vijana wa leo, wanaomjua akimbembeleza mama kwa chai, hawataamini. Mtoto akiletwa na jeraha kichwani, swali lake la kwanza lilikuwa kwa mama: "Na wewe ulikuwa wapi?" Jibu lolote lilikuwa baya. Ukiwa sokoni, umependa biashara kuliko mtoto. Ukiwa kisimani, ungembeba. Ukiwa jikoni, ndiyo kabisa. Kwenye kitabu kulikuwa na safu yenye kichwa "Sababu", na humo alikuwa anaandika maneno matatu: uzembe wa mama.

Mwaka 1993 alianzisha jambo ambalo kituo kizima kililiona zuri. Kila asubuhi saa mbili, kabla ya kupima watoto, kulikuwa na somo la afya. Mama ambaye mtoto wake ameanguka aliketishwa mbele, peke yake, kwenye benchi fupi, na somo likifika mwisho alisimama na kuwaeleza wenzake alikuwa wapi. Wamama walicheka. Wengine walioketishwa walijikaza wakafanya mzaha. Mmoja alijibu, "Nilikuwa kwa wifi yangu nakula kuku, na mukinicheka sana, kesho ninarudi kumalizia shingo!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Lakini wengi hawakuwa na mdomo wa namna hiyo. Walisema walichosema wakiangalia vidole vya miguu.

Hesabu za kitabu zilionyesha kwamba benchi inafanya kazi. Mwaka 1994 walioanguka walikuwa sitini na mmoja. Mwaka uliofuata arobaini na wanane, kisha thelathini na watatu, kisha, mwaka 1997, ishirini na wawili tu. Wakubwa wa afya walimwandikia barua ya pongezi. Aliitia katika fremu.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo wa 1997, aliyeketi kwenye benchi alikuwa Vagheni, muuza viazi, ambaye binti yake alianguka kitandani akavunjika mkono. Vagheni aliulizwa, akajibu kwamba alikuwa amelala kitanda hicho hicho, amechoka, hakusikia. Kicheko cha siku hiyo kilimfuata hadi sokoni. Wenzake walimpa jina, Mama Kitanda, na wateja wakalichukua.

Jumanne tarehe 17 Novemba 1998, saa nne asubuhi, Vagheni alirudi akiwa amembeba mtoto wake wa pili, Mathe, wa miaka mitatu, aliyevikwa kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Alisema, "Ni homa, Mama Orpa. Toka jana anatapika, analala-lala tu." Damu ilipimwa, vikaonekana vidudu vichache vya malaria, kama vinavyoonekana kwa nusu ya watoto. Mathe aliwekewa maji ya kinini. Kofia haikuvuliwa. Mwezi wa Novemba huku kwetu nani anamvua mtoto mgonjwa kofia?

Jumatano jioni, saa kumi na moja, Mama Orpa alipokuwa anabadilisha chupa ya maji, kofia ilivutika kidogo. Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na uvimbe laini, mpana kama kiganja. Alichukua tochi, akaangalia macho. Mboni moja ilikuwa ndogo, nyingine imefunguka na haikuogopa mwanga. Alimuuliza Vagheni kama mtoto alianguka. Vagheni hakujibu mpaka alipoulizwa mara ya tatu. Ndipo akasema. Jumatatu, dada yake Mathe, wa miaka saba, yule yule aliyewahi kuvunjika mkono, alikuwa amembeba mgongoni akipanda kutoka kisimani. Njia ilikuwa na utelezi, kikwembe cha kumbebea kilifunguka, mtoto akaanguka kwa nyuma juu ya jiwe.

Ulikuwa mwaka wa vita na gari halikupatikana. Wanaume wanne walimbeba Mathe kwenye kitanda hadi hospitali. Alikufa Alhamisi tarehe 19, saa mbili asubuhi, ile saa ambayo kwetu somo lilikuwa linaanza.

Vagheni hakulia mbele ya Mama Orpa. Alimwambia tu, "Niliogopa benchi yako. Walinicheka mwaka mzima. Ningesema huyu naye ameanguka, wangeniita nani?"

Mama Orpa hakufundisha siku hiyo. Aliitoa benchi nje mwenyewe, akaomba msumeno, akaikata. Mbao zake zilitengenezewa mlango wa choo cha wagonjwa. Barua ya pongezi ilitoka kwenye fremu. Kisha alifungua kitabu, akatafuta mstari wa tarehe 17, akalikata kwa mstari neno malaria. Katika safu ya "Sababu", pale alipokuwa anaandika yale maneno matatu, aliandika: Orpa Kasika, muuguzi. Mstari huo upo. Anayetaka kuuona, kabati liko wazi leo, kwa ruhusa yake.

Alielewa pia kwamba zile hesabu zilizokuwa zinashuka hazikuwa hesabu za watoto wasioanguka. Zilikuwa hesabu za wamama waliokaa nyumbani.

Kuanzia Januari 1999 safu ya "Sababu" haipo tena. Badala yake kuna nyingine: ameanguka toka wapi, urefu gani, chini kulikuwa na nini, saa ngapi, nani alikuwa naye. Swali la mlangoni likawa, "Ameanguka toka wapi?" Mama akijibu, muuguzi anaandika na kunyamaza. Mama Orpa alitufundisha sana huko kunyamaza. Muuguzi mpya aliyeguna tu alitumwa kuosha mabeseni.

Na kila mwaka, tarehe 19 Novemba, alikwenda kwa Vagheni. Mwaka wa kwanza mlango haukufunguliwa. Wa pili vile vile. Mwaka wa tatu ulifunguliwa, Vagheni akamsukumia beseni la viazi na kisu, akasema, "Keti, menya." Walimenya hadi beseni likaisha bila kuongea. Mwaka wa nne waliongea. Baadaye ni Vagheni huyo huyo, kutoka kwenye meza yake ya viazi, aliyekuwa anawaambia wamama wageni wa mtaa: kwa Mama Orpa sema kweli, na sema mbio.

Mwaka 1999 walioanguka waliandikwa themanini na wanne. Hakuna aliyetuma barua ya pongezi.

Basi akaanza kutoka. Kila alasiri ya Jumatano alikwenda mahali mtoto alipoangukia, na mètre ya fundi mfukoni, akapima. Kitanda cha mbao, sentimita sabini, chini saruji. Ukuta wa udongo nyuma ya nyumba iliyochimbwa kwenye mteremko, mita mbili na nusu, chini paa la jirani. Mfereji uliokatwa na mvua katikati ya njia, mita nne. Kiti cha nyuma cha baiskeli. Mgongo wa dada wa miaka sita, sentimita themanini, chini mawe. Vijana wa taksi-moto, wale wa pikipiki za abiria, walimtania wakimwona ameinama barabarani kama fundi wa ghorofa: "Mama Orpa, unajenga étage?" Naye bila kuinua kichwa: "Ndiyo, na weye utakuwa sentinelle yangu wa kulinda mlango, maana moto yako haiendake!"

Aliyoyapata ameyasema kwenye masomo ya asubuhi kwa miaka ishirini na minne, na tunayarudia kwa sababu ni kazi yake. Wanaoanguka zaidi ni wa miaka miwili na mitatu, waliokwisha kujua kupanda na hawajajua kushuka. Saa mbaya ni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, wakati mama yuko njiani kutoka shambani au sokoni na mtoto yuko na mtoto mwingine. Siku za soko kubwa ni mbaya kuliko Jumapili. Anayebebwa na dada aliye chini ya miaka kumi yuko juu ya ngazi inayotembea. Mvua inaongeza. Njaa pia inaongeza; hilo aliliandika pembeni kwa penseli, na alama ya kuuliza, kisha mwaka uliofuata akafuta alama ya kuuliza.

Si kila alichofanya kilikuwa cha huzuni. Kwenye arusi ya mpwa wake alisimamisha picha, akapita katikati ya wasimamizi na maua yao, akaenda kumshusha mtoto wa mgeni kutoka kwenye ukuta wa ukumbi, akarudi mahali pake na kumwambia mpiga picha aendelee. Alipima ngazi za kanisa lake na kumwomba padre zulia la altare lipigiliwe misumari. Padre alisema hakuna mtu aliyewahi kuanguka pale. Mama Orpa alimwonyesha kitabu cha nane, ukurasa wa thelathini: mtoto wa mwanakwaya, Pasaka. Misumari ilipigwa.

Mwaka 2018, wakati wa Ebola, alitumwa Beni kwa miezi saba. Kule wazazi waliogopa vituo kuliko ugonjwa. Siku moja aliletwa Furaha, binti wa miaka minne wa dereva wa malori aitwaye Bilali, damu ikitoka puani na sikioni, na watu wa mavazi meupe walikuwa tayari wanamwandikia kwenda kutengwa. Baba alikuwa anapiga kelele kwamba hawamchukui mtoto wake. Mama Orpa alivua kinga yake ya plastiki ili uso wake uonekane, akamuuliza Bilali swali lake la mlangoni: "Ameanguka toka wapi?" Baba alikaa chini. "Toka juu ya lori, Maman. Nilimupandisha aone barabara. Ni mie." Furaha alipelekwa kwa daktari wa upasuaji badala ya kwenye hema la kutengwa. Leo yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi, hasikii sikio moja. Bilali amepiga simu juzi kuuliza sherehe ni saa ngapi.

Yanabaki mambo ya étage, majumba ya ghorofa, na hapa ndipo kazi yake ya miaka ya mwisho ilipokuwa.

Wafanyabiashara wetu wanajenga juu, sakafu baada ya sakafu, kadiri makontena yanavyofika. Étage moja inaweza kukaa miaka kumi bila madirisha na bila kizuizi cha ngazi. Humo ndani wanaishi watu: familia zilizokimbia mauaji upande wa Beni, zinazolinda saruji na vyuma vya mwenye nyumba, nazo zinapata pa kulala. Kwenye vitabu vitatu vya mwisho, ngazi za étage zimepita vitanda.

Mwaka 2017 Mama Orpa alifanya kosa la pili, ambalo naye ametaka liandikwe. Alimwandikia mkuu wa mtaa juu ya nyumba moja ambamo watoto wawili walianguka mwezi mmoja. Mwenye nyumba aliitwa, akaonywa, akarudi akazitoa nje familia tatu siku hiyo hiyo, mvua ikinyesha. Ngazi ilikuwa salama kabisa kuanzia hapo, maana haikuwa na mtoto. Wamama wa étage nyingine walisikia. Miezi mitano hakuna aliyetuletea mtoto kutoka kwenye ngazi. Mama Orpa aliziona zile hesabu zikishuka tena, na safari hii alijua zinasema nini. Hakuandika barua nyingine. Alianza kwenda kwa wenye nyumba mwenyewe, akiwaomba, mmoja mmoja, bila kutaja jina la mama yeyote.

Bwana Apollinaire, anayeleta mabati na vyuma, ana étage ya sakafu nne chini ya soko. Mama Orpa alimwendea mara tatu mwaka huu. Mara ya kwanza, alipoomba kizuizi cha ngazi, alijibiwa, "Mama, nyumba haiyaisha. Garde-fou inakuya mwisho, nyuma ya rangi." Mara ya tatu, mwezi wa saba, aliruhusu mbao. Juma, fundi wa chuma na mbao wa mtaa, alizipigilia kando ya ngazi zote, sentimita tisini kwenda juu, na Mama Orpa alizitikisa moja moja kwa mikono miwili.

Kwenye sakafu ya pili ya nyumba hiyo anaishi Sikitu, aliyekimbia Kalunguta mwezi wa pili baada ya mume wake kuuawa shambani, pamoja na watoto wake wanne. Wa tatu ni Ésaïe, wa miaka minne.

Alhamisi tarehe 23, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Sikitu aliingia kituoni akikimbia, bila viatu, Ésaïe mikononi. Kulikuwa na watu kwenye mstari. Hakungoja kuulizwa, na hakushusha sauti.

"Mama Orpa, ameanguka toka étage ya pili, saa tisa na nusu. Ameangukia mawe ya fondation. Alilala kidogo, akaamuka, akatapika mara mbili, sasa analala tena. Na ile mbao ya ngazi, ni mie niliichoma. Makala ya kupikia hapana, mvua wiki nzima, batoto balikuwa na njaa. Nilichoma ya kwetu yote. Ni mie."

Tuliokuwa pale tulielewa alichokisema. Alikuwa amejitia mikononi mwa kila mtu: mwenye nyumba angeweza kumtoa, na wamama waliokuwa kwenye mstari wangeweza kumpa jina la kubeba sokoni. Hakuna aliyecheka. Mama Orpa alikuwa amekwisha kumshika mtoto na anaangalia macho yake. Alisema, "Ya mbao tutaongea siku ingine. Umesema saa tisa na nusu?" Sikitu akasema ndiyo. "Umefanya vizuri." Kisha akaita taksi-moto mbili.

Hakumlaza Ésaïe kwanza aone ataamkaje. Hakumpima damu. Saa kumi na nusu walikuwa hospitali, na saa kumi na mbili mtoto alikuwa mezani anafunguliwa fuvu. Daktari wa upasuaji alitoka baadaye akaosha mikono na kusema damu ilikuwa imejaa chini ya mfupa. Wangengoja mpaka asubuhi, wangeleta maiti.

Mama Orpa alibaki. Ijumaa, siku yake ya mwisho, muuguzi mkuu wetu, Jacob, alimtumia habari kwamba anaweza kwenda nyumbani, kazi yake inaisha saa kumi na hakuna wa kumdai chochote. Alijibu, "Sawa, ikifika saa kumi kazi imeisha. Nyuma ya hapo niko hapa kama jirani." Alihesabu pumzi za mtoto kila nusu saa na kuziandika nyuma ya karatasi ya mwaliko wa sherehe hii.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa, saa nne asubuhi, Bwana Apollinaire alifika hospitali na hasira yake. Alisimama mlangoni mwa chumba akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya wagonjwa, lakini kila mtu alisikia: "Nilibapa mbao, bakachoma. Leo mutoto ameanguka, na jina inayozunguka muji ni yangu. Batoke wote, mwisho wa mwezi."

Sikitu aliinama juu ya kitanda kana kwamba mtu ameinua fimbo. Mama Orpa hakumtetea, wala hakumlaumu mwenye nyumba. Alimuuliza anauza nini. Bwana Apollinaire alishangaa. "Mama, unajua. Mabati na vyuma."

"Basi bapatie chuma," alisema Mama Orpa. "Chuma haichomeke."

Bwana Apollinaire alimwangalia mtoto na bandeji yake, akatoka. Hakuahidi kitu na hakuaga. Saa nane mchana Juma alipigiwa simu kwenda kwenye ghala kuchagua vyuma. Jana hadi jua linazama alikuwa amechomelea ngazi ya kwanza. Ya pili anaianza leo. Juu ya familia kutoka au kubaki, Bwana Apollinaire hajasema tena, na Sikitu hajui kama atakuwa na pa kulala mwezi wa Desemba. Hatutaki kuandika hapa kitu ambacho bado hakijawa.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na dakika ishirini, Ésaïe alifungua macho. Aliuliza, "Nani alikula kiazi yangu?" Sikitu alimjibu kwamba kipo, hakuna aliyekigusa, jambo ambalo si kweli, na Mama Orpa alimwambia avumilie, kitachemshwa upya. Anainua mkono wa kushoto. Wa kulia haujasogea. Daktari hasemi kama utasogea.

Mama Orpa, wenzako wa Kilimani tunakushukuru. Tunakushukuru kwa vitabu kumi na moja, na kwa kutufundisha kufunga mdomo mbele ya mama mwenye hofu. Tunakushukuru pia kwa kutulazimisha kuandika yale ambayo mtu mwingine angeomba yafutwe. Mungu akupe miaka mingi kule Lubero, viazi vyako visioze, magoti yako yasikusumbue kwenye mteremko, na watoto wa majirani wakuchoshe kidogo tu. Maisha yako ya mapumziko yawe mema.

Wageni wapendwa, sherehe iliyopangwa kuanza saa nne asubuhi itaanza saa nane mchana. Mama Orpa amerudi kituoni saa tatu, ameandika mstari wa Ésaïe kwenye kitabu, safu zote, kisha akajinyoosha kwenye kitanda cha chumba cha chanjo, akisema ni dakika tano. Chumba hicho kiko ukuta kwa ukuta na ukumbi. Tunawaomba kwaya wafanyie mazoezi yao chini, karibu na barabara, na wanaopanga viti wavibebe, wasiviburute. Amelala saa tatu na dakika arobaini, na viatu miguuni.

Hadjara, wa mapokezi